Namna ya Kuchunguza Kazi ya Misuli kwa Mguu wa Kuku na Mkono Wako Mwenyewe

Kila anayeanza kujifunza habari za misuli huuliza maswali yaleyale: je, msuli husukuma au huvuta? Vidole hupata wapi nguvu ya kubeba ndoo ilhali havina nyama? Kwa nini nyama ya mbele ya mkono hubaki ngumu wakati mkono unashushwa na kunyooka? Majibu yamo vitabuni, lakini mwanafunzi aliyeyasoma bila kushika kitu huyakariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani hayana kazi naye tena. Mwongozo huu umeandikwa ili wewe mwanafunzi, mwalimu au mzazi uweze kuyaona majibu hayo kwa macho na kuyagusa kwa vidole, bila maabara na kwa gharama ya nyama ya kuku tu.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo, kwa kuwa kila hatua itakurudisha hapo: msuli huvuta tu, hausukumi kamwe. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini misuli hukaa kwa jozi, kwa nini ina kano ndefu (kamba ngumu zinazoushikiza msuli kwenye mfupa), na kwa nini kiungo kikivutwa upande mmoja kinahitaji msuli mwingine wa kukirudisha kilipotoka.

Tumechagua kuku kwa sababu mifupa, misuli na kano zake hufanya kazi kwa kanuni ileile ya mwili wa binadamu, na kwa sababu anapatikana kila mahali. Tofauti zipo, nazo zitatajwa pale zinapoweza kukupotosha.

Vitu vinavyohitajika

- Mguu mmoja mzima wa kuku, kuanzia paja hadi kwenye kucha. Wauzaji wengi huukata mguu wenye magamba na kuuza peke yake, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema asiukate. Kuku wa kienyeji aliyekomaa anafaa zaidi kuliko wa kisasa, kwa sababu kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa na umri wa wiki chache tu na nyama yake huchanika upesi.
- Kipapatio kimoja kizima, kilichotolewa kwenye bega.
- Moyo mmoja na firigisi moja.
- Kipande kidogo cha kidari na kipande kidogo cha paja, vyote vimechemshwa hadi kuiva na kuachwa vipoe.
- Mkasi wenye ncha butu, kisu kidogo kikali au wembe mpya, na koleo ndogo kama ile ya kung'olea nyusi.
- Sinia au ubao ambao hautarudi jikoni, magazeti ya kutandika, glavu, na uzi mgumu wa kushonea.
- Futi ya fundi cherehani, kibanio cha nguo, saa yenye mshale wa sekunde, na ndoo yenye maji lita 5.
- Sabuni, maji ya kutosha na dawa ya klorini ya kusafishia meza.
- Lenzi ya mkono, ukiwa nayo.

Tahadhari kabla ya kuanza

Nyama mbichi ya kuku mara nyingi hubeba bakteria wa salmonela na wa kampilobakta, ambao huharisha vibaya. Usioshe nyama kwa maji ya bomba yenye kasi, kwa sababu matone huruka na kusambaza bakteria hao mezani na nguoni. Usile wala usinywe ukiwa kwenye kazi hii, na usijiguse usoni. Nyama mbichi iliyotumika hapa isirudishwe kwenye sufuria, hata ikionekana safi. Watoto wadogo wavute kano na kutazama. Kisu na wembe vibaki mikononi mwa mtu mzima.

Angalia pia hali ya nyama. Kuku aliyechinjwa karibuni hukakamaa baada ya muda mfupi na kulegea tena saa kadhaa baadaye. Ukikuta mguu umekakamaa, usiulazimishe. Uache mahali pa baridi hadi ulegee. Nyama iliyogandishwa iyeyushwe usiku kucha ndani ya friji.

Hatua kwa hatua

1. Anza na mkono wako. Laza kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, mezani, kiganja kikiwa juu. Kwa mkono wa pili, shika nyama iliyo chini kidogo ya kiwiko, kisha kunja na kukunjua kidole kimoja kimoja. Utahisi nyama ikicheza mbali kabisa na kidole kinachosogea. Tazama sasa kwenye kifundo cha mkono: kamba ngumu zinainuka chini ya ngozi na kuzama tena. Hizo ndizo kano. Misuli mikubwa inayokunja vidole imo kwenye kigasha, misuli midogo ya kuisaidia imo kwenye kiganja, na ndani ya vidole vyenyewe hupita kano tu. Kano hizo hupita ndani ya ala zake laini kama waya wa breki ya baiskeli: mkono unaovuta uko mbali, lakini kinachobanwa ni gurudumu.

Fanya na jaribio hili, ambalo wengi hawalijui. Egemeza kiwiko mezani, kigasha kikiwa wima, na uulegeze mkono kabisa. Uache uanguke kuelekea upande wa kiganja; vidole vitajinyoosha kidogo vyenyewe. Kisha uulaze nyuma kwa kuusukuma kwa mkono wa pili. Vidole vitajikunja bila wewe kuviamuru. Sababu ni kwamba kano za kukunja vidole hupita kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, na kifundo kikilazwa nyuma, njia yake hurefuka wakati misuli haijarefuka kwa kiasi hichohicho, hivyo vidole huvutwa ndani. Likumbuke jaribio hili, kwa sababu utaliona tena kwenye mguu wa kuku.

2. Ukague mguu kabla ya kuukata. Shika paja kwa mkono mmoja na mguu wenye magamba kwa mkono mwingine. Ukunje mguu, kisha uunyooshe, na utazame vidole vya kuku. Ukikunjwa, vidole hufumba, ukinyooshwa, hufumbua. Ndiyo sababu kuku anapochutama juu ya mti, uzito wa mwili wake mwenyewe husaidia kuvifumba vidole kwenye tawi.

Hapa pana kosa ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya. Kile kiungo kinachoonekana kana kwamba ni goti lililopinda kinyumenyume si goti. Ni kifundo cha mguu, kinacholingana na kile kilicho juu ya kisigino chako. Goti la kuku liko juu zaidi, kati ya paja na ile nyama nene ya chini ambayo watu huishika kwa mfupa wakati wa kula. Nyama hiyo nene nitaiita kigimbi, kwa sababu inalingana na kigimbi cha mguu wa binadamu. Ukichanganya viungo hivi viwili, kila utakachokiona baadaye kitakuwa na jina lisilo lake.

3. Vua ngozi. Ingiza ncha butu ya mkasi chini ya ngozi ya paja, uinue ngozi juu, ndipo ukate, ukishuka kuelekea kifundo. Ukifika kwenye magamba, ngozi hushika sana. Ipasue kwa urefu upande wa nyuma kwa kina kidogo mno, kisha uibandue pole pole kwa koleo.

Usikate kwa kushindilia kisu. Kano za upande wa nyuma ziko karibu sana na ngozi ya magamba, na ukizikata sasa hutakuwa na cha kuvuta baadaye. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi mara nyingi kuliko yote mengine.

4. Tenganisha misuli kwa kidole, si kwa kisu. Baada ya kuvua ngozi, utaona utando mwembamba unaong'aa umeufunika kila msuli. Upasue utando huo kidogo kwa ncha ya koleo, kisha upitishe kidole kati ya msuli mmoja na mwingine. Misuli itaachana yenyewe, kila mmoja ukiwa na umbo lake, mnene katikati na mwembamba kwenye ncha. Chagua msuli mmoja wa kigimbi na uufuate kuelekea chini. Utaona nyama nyekundu ikipungua na weupe ukiongezeka, hadi nyama inakwisha kabisa na kubaki kamba nyeupe inayometa, ngumu kuikata hata kwa wembe. Usiharakishe hapa. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake mahali nyama inapogeuka kuwa kano haulizi tena msuli umeshikiliwa na nini kwenye mfupa.

5. Vuta. Anza na msuli mkubwa kuliko yote ulio nyuma ya kigimbi. Ushike kwa koleo karibu na kano yake na uuvute kuelekea gotini. Wengi hutarajia vidole vifumbe, lakini kinachotokea ni kifundo kunyooka. Wewe pia unao msuli huo, na kano yake ni ile nene unayoweza kuibana kwa vidole viwili juu ya kisigino. Simama kwa ncha za vidole vya miguu nao utaukuta umekaza.

Usogeze pembeni msuli huo mkubwa. Chini yake utakuta misuli myembamba zaidi, yenye kano ndefu zinazopita nyuma ya kifundo na kuteremka hadi kwenye vidole. Vuta moja moja: vidole vitafumba, na kwa kuchagua kano utaweza kukifumba kidole kimoja zaidi ya vingine. Geuka sasa upande wa mbele. Msuli wa juu ukivutwa hukikunja kifundo. Ulio chini yake, wenye kano inayogawanyika juu ya mguu na kwenda kwenye vidole vya mbele, huvifumbua vidole. Kano ikikuteleza, ifunge kwa uzi na uvute uzi.

Baada ya kufumba vidole kwa kano za nyuma, jaribu kuzisukuma kano hizo chini ili vidole vifumbuke. Kano itapinda tu, na vidole havitasogea. Ili vifumbuke, ni lazima uvute za mbele. Mwanafunzi afanye jambo hili kwa mikono yake, hata mara kadhaa, mpaka aridhike kwamba hakuna njia nyingine.

6. Kata kano moja. Ikate kano moja ya kufumba vidole katikati ya mguu wa magamba, kisha uvute msuli wake tena. Msuli unasogea, kidole hakisogei. Mtu aliyejikata kifundo cha mkono kwa chupa akashindwa kukunja kidole, ilhali kigasha chake ni kizima, huenda yumo katika hali hiyohiyo, na ndiyo maana jeraha la namna hiyo halitoshi kufungwa kwa kitambaa nyumbani. Hospitalini kano huweza kushonwa, na kushonwa mapema huleta matokeo mazuri zaidi.

7. Hamia kwenye kipapatio. Hiki ndicho kinachofanana zaidi na mkono wako: kina bega, mfupa mmoja wa juu, kiwiko, na mifupa miwili sambamba ya kigasha. Vua ngozi ya sehemu ya juu, kati ya bega na kiwiko, kwa njia ile ya hatua ya 3. Upande wa mbele utaona msuli unaolingana na baisepsi, yaani msuli wa mbele wa mkono wako wa juu, na upande wa nyuma ule unaolingana na traisepsi, yaani msuli wa nyuma wa mkono huo. Vuta wa mbele, kiwiko kikunjike. Vuta wa nyuma, kiwiko kinyooke. Kisha mmoja avute wa mbele na mwingine wa nyuma kwa wakati mmoja, na mtaona kiwiko kinasimama imara bila kwenda popote. Ndivyo mwili unavyokaza kiungo unapotaka kukituliza, kwa mfano unaposhika sindano ili upitishe uzi.

Ukimaliza, fungua kiwiko kwa kisu ukapaguse mahali mifupa inapokutana. Utakuta gegedu, yaani kifuniko cha ncha za mifupa, jeupe lenye rangi ya buluu kwa mbali, laini na telezi. Kamba fupi zinazounganisha mfupa na mfupa ni ligamenti, wakati kano huunganisha msuli na mfupa. Watu wengi huziita zote kano, lakini katika kazi hii ni vyema kuzitofautisha.

8. Chana nyama iliyochemshwa. Chukua kidari kilichoiva na ukichane kwa vidole. Kitafuata upande mmoja na kutoa nyuzi ndefu. Endelea kuzigawa kwa koleo, hadi ubaki na uzi mwembamba kadiri uwezavyo, kisha uutazame kwa lenzi. Kuchemsha kumeyeyusha sehemu kubwa ya tishu iliyokuwa imezifunga nyuzi hizo pamoja, na ndiyo sababu nyama mbichi haichaniki hivyo.

Usiseme kwamba umeshika seli moja ya msuli. Ulicho nacho ni kifungu cha seli nyingi, kwa kuwa seli moja ya msuli wa hiari, yaani msuli unaoamriwa na mwenye mwili, ni ndefu lakini unene wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Linganisha pia rangi ya kidari na ya paja. Paja ni jeusi zaidi kwa sababu misuli yake, inayombeba kuku akisimama na kutembea mchana kutwa, ina mioglobini nyingi, yaani protini nyekundu inayohifadhi oksijeni. Kidari cha kuku hutumika kurusha mabawa kwa kishindo cha muda mfupi, kisha hupumzika. Misuli ya binadamu haikugawanyika waziwazi namna hiyo. Ndani ya msuli mmoja huchanganyika nyuzi za kudumu na nyuzi za haraka, kwa viwango vinavyotofautiana.

Nadharia inayohitajika hapa ni fupi. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita ugwe mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, na kufika kwenye msuli kwa njia ya neva. Amri ikifika, kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli huachiliwa, nayo hufungua njia ili nyuzi nene za protini iitwayo miosini zizikamate nyuzi nyembamba za aktini na kuzivuta zipite kando yake. Nyuzi hizo zenyewe hazifupiki; hupishana zaidi, na msuli mzima ndio unaofupika. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja peke yake: Hugh Huxley na Jean Hanson katika kundi moja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke katika jingine. Zingatia kwamba miosini huvuta na haina njia ya kusukuma, na kwamba kile ulichokiona kwenye kano kinaanzia huku chini.

9. Fungua moyo na firigisi. Misuli ya mguu na kipapatio ni ya hiari: mwenye mwili huiamuru. Moyo na firigisi haviamriwi. Kata moyo kwa upana, chini kidogo ya katikati. Utaona chumba cha kushoto kina ukuta mnene, na cha kulia kina ukuta mwembamba uliojikunja kando yake, kwa sababu chumba cha kushoto husukuma damu mwili mzima na cha kulia huipeleka kwenye mapafu tu. Moyo wako umejengwa hivyohivyo, nao hupiga karibu mara 100,000 kwa siku bila kusubiri amri yako. Neno "kusukuma" lisikuchanganye: ukuta wa moyo hujivuta na kukaza, chumba hupungua, na damu ndiyo inayosukumwa.

Firigisi ni msuli laini, jamii moja na misuli ya tumbo na utumbo wako. Tazama upande wake wa nje: katikati pana duara jeupe linalong'aa, ambalo ni kano, na nyama nene imelizunguka. Binadamu hana firigisi, kwa kuwa sisi husaga chakula kwa meno, lakini ukuta wa tumbo letu nao hukaza na kulegea bila kutuuliza.

10. Rudi kwenye mwili wako. Vua glavu, nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20, ndipo uendelee.

Zungusha futi kwenye mkono wa juu ukiwa umelegea, usome. Kisha kunja kiwiko na ukaze kwa nguvu, usome tena. Mzunguko umeongezeka. Usidhani msuli umejaa hewa au damu ghafla. Umefupika, na kwa kuwa umefupika umenenepa. Katika karne ya 17 Mholanzi Jan Swammerdam alionyesha jambo hilo kwa msuli wa chura uliofungiwa ndani ya chombo cha kioo: msuli ulikaza, lakini tone la maji kwenye mrija wa chombo halikupanda.

Baada ya hapo, weka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya baisepsi ya kulia, kunja kiwiko, na uzungushe kigasha ili kiganja kitazame juu, kisha chini. Baisepsi huinuka kiganja kinapogeukia juu. Kwa hiyo kazi yake si kukunja kiwiko tu. Ndiyo pia inayokusaidia unapokaza skrubu kwa mkono wa kulia.

Sasa chukua ndoo yenye maji lita 5, ambayo ni takriban kilo 5. Inua hadi kiwiko kiwe pembe mraba, na uitulize hapo. Mkono hausogei, lakini gusa baisepsi: ni ngumu. Msuli unaweza kufanya kazi bila kufupika. Tena unafanya kazi kubwa kuliko uzito wa ndoo. Ikiwa kano yake imejishikiza sentimita 4 hivi mbele ya kiwiko, na mpini wa ndoo uko sentimita 32 kutoka kiwiko, msuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na mara 8 ya mzigo, yaani kama kilo 40, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Mwili umekubali gharama hiyo ili upate kasi: msuli ukifupika sentimita 1, kiganja husafiri takriban sentimita 8.

Shusha ndoo pole pole huku mkono wa pili umeshika msuli, na hapa ndipo swali la tatu la mwanzo linapojibiwa. Kiwiko kinanyooka, na kwa mantiki ya kipapatio ungetegemea traisepsi ndiyo ifanye kazi. Iguse: imelegea. Baisepsi ndiyo iliyokaza, ingawa inarefuka. Kinachonyoosha mkono ni uzito wa ndoo, na baisepsi inauachilia kidogo kidogo ili usianguke. Ukitaka kuona traisepsi ikifanya kazi, sukuma ukuta. Mkono unasukuma ukuta, lakini traisepsi yenyewe inavuta ncha ya kiwiko.

Mwisho, bana na uachie kibanio cha nguo kwa kidole gumba na cha shahada kwa sekunde 30, ukihesabu. Rudia bila kupumzika, na hesabu itashuka. Pumzika dakika chache, nayo itapanda tena. Andika hesabu zote; msishindane nguvu na jirani, kwa kuwa vibanio havilingani ugumu.

11. Safisha. Funga mabaki yote kwenye gazeti na uyafukie au uyatupe mahali ambapo mbwa na paka hawayafikii. Osha vifaa kwa sabuni kwanza, kisha upanguse meza kwa dawa ya klorini iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa, kwani dawa hiyo haifanyi kazi vizuri juu ya mafuta.

Mambo yakienda vibaya

*Navuta kano lakini vidole havisogei.* Kwanza hakikisha hujavuta msuli mkubwa wa nyuma, ambao kazi yake ni kifundo. Kama kano ni yenyewe, chunguza kama haikukatwa ulipokuwa unapasua magamba. Ikiwa nzima, basi imekauka ndani ya ala yake. Ilowanishe kwa maji kidogo na uivute na kuiachia mara kadhaa.

*Nyama inachanika kila ninapoivuta.* Unavuta katikati ya msuli. Shika pale ambapo weupe umeanza, au ufunge uzi kwenye kano.

*Kwenye kifundo cha mkono wangu kuna kano inayosimama katikati, na mwenzangu hana.* Hali hiyo ni ya kawaida. Ukigusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho huku umekunja kifundo kidogo, kano ya msuli mmoja mrefu na mwembamba huinuka katikati. Baadhi ya watu wamezaliwa bila msuli huo, wengine wanao mkono mmoja tu, na hawapungukiwi na kitu katika kushika.

*Firigisi ni nyekundu kuliko kidari. Je, si msuli wa hiari?* Rangi haitambulishi aina ya msuli. Rangi hukuonyesha kiasi cha mioglobini, na firigisi inayosaga punje siku nzima inayo ya kutosha.

*Mkono unauma kesho yake baada ya zoezi la ndoo.* Wengi husema ni asidi ya laktiki iliyobaki, lakini laktiki huondolewa mwilini ndani ya saa chache. Maumivu ya kesho yake hutokana na michubuko midogo ndani ya msuli uliofanyishwa kazi usiyoizoea, hasa ile ya kushusha mzigo pole pole, na huisha yenyewe kwa siku chache. Maumivu makali ya ghafla wakati wa zoezi, au uvimbe, ni jambo jingine; acha na umwone mtabibu.

*Nyama ya kuku aliyechinjwa sasa hivi inacheza, hasa ikitiwa chumvi. Je, bado ana uhai?* Kuku ameshakufa, lakini seli za misuli yake hazifi zote kwa dakika ileile. Ndani yake bado imo akiba ndogo ya nishati, na chumvi huzichokoza zikakaza bila amri yoyote ya ubongo. Akiba hiyo inapokwisha, miosini hubaki imeng'ang'ania aktini bila nguvu ya kuiachia, kwa sababu hata kuachia kunahitaji nishati, na hapo ndipo mguu unapokakamaa kama ulivyoelezwa kwenye tahadhari. Vimeng'enya vya nyama yenyewe vikishaanza kuzilainisha nyuzi hizo, mguu hulegea, na unaweza kuanza hatua ya 2.